Mti umeingia pajani, barabara iko masaa 14: tulikosea kutouchomoa?

#1 Kisiki
Wakuu habari zenu. Nina jambo limenikaa rohoni mwezi wa saba sasa, nimeona nililete hapa kwa wanaojua.

Tulikuwa watu sita msituni, siku ya tatu ya safari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia inateremka. Rafiki yangu wa miaka mingi akateleza, akaangukia gogo la mti mkavu. Lile gogo lilikuwa na kishina cha tawi kilichovunjika kikabaki na ncha, unene wa kidole gumba. Kikamwingia paja la kushoto, upande wa nyuma kuelekea nje, kama kiganja kimoja juu ya goti. Akawa amenasa palepale, tawi liko ndani ya nyama na bado limeshikana na gogo.

Damu ilichuruzika, haikuruka. Mmoja akasema tumnyanyue litoke. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, nikakataa. Tukalikata kwa msumeno wa kukunja kati ya paja na gogo, tukabakiza nje urefu wa kidole. Tukaweka mashati mawili yaliyoviringishwa kuzunguka kijiti, tukafunga, tukanyoosha mguu kwa mabanzi, tukatengeneza machela ya miti miwili na makoti. Masaa 14 hadi kwenye gari.

Usiku alianza kulalamika mguu una ganzi. Kulipokucha hakuweza kuinua vidole. Kijiti kilitolewa chumba cha upasuaji. Siku ya 9 kidonda kikatoa usaha, wakamfungua tena wakakuta kipande cha gome. Leo anatembea lakini unyayo unaburuta.

Kaka yake ananiambia wazi: ungechomoa pale pale, mdogo wangu angekuwa mzima. Naomba mnijibu mawili. Kuliacha ilikuwa sahihi? Na mguu uliuawa na nini?

#2 Mama Dira
Pole sana kaka, na mpe pole mgonjwa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji.

Swali la kwanza halinipi shida. Nyuma ya goti na juu yake kidogo hupita ateri kubwa, vena na neva, vyote vimebanana njia moja. Kitu kikiwa ndani huweza kuwa ndicho kizibo cha tundu lililotobolewa kwenye ateri. Kwa nje unaona damu inachuruzika, unasema afadhali. Ukivuta, kizibo kimetoka. Ateri kubwa ya paja ikiachia, mtu anaweza kumalizika kwa dakika chache, na mlikuwa masaa 14 mbali. Nimeona mezani kwetu kijiti kinatolewa taratibu, daktari ameshaishika ateri juu na chini ya jeraha, na bado damu ilitushtua.

La pili, nahisi ni uvimbe. Misuli ya miguu imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Damu ikivujia humo na nyama ikivimba, shinikizo linapanda hadi neva na mishipa midogo inakosa damu. Huchukua masaa, ndiyo maana ganzi ilikuja usiku na si pale pale.

#3 Jani Bichi
Naweka kambi hapa. Nafuatilia.

#4 Mkata Mbuga
Mama Dira kwa heshima, hayo ni ya mahali ambapo gari la wagonjwa linafika kwa dakika kumi. Kanuni ya usichomoe iliandikwa kwa ajili ya huko. Porini kijiti kina udongo, ukungu na gome bovu, na kila hatua ya wabeba machela inakisaga ndani ya nyama. Masaa 14 ya kusaga! Halafu mnashangaa neva imekufa?

Mimi nimechomoa mara mbili, kijiti kilichotoboa kiganja na chuma kwenye shavu la mguu. Nikabana, nikaosha, nikafunga. Wote wawili wanatembea. Kaka wa mgonjwa ana hoja.

#5 Nyayo Ndefu
Mkata Mbuga, wawili kupona kunatuambia kwamba vitu viwili havikuwa vimetoboa ateri. Hakutuambii zaidi ya hapo.

Ila na mimi sitaki tuifanye kanuni kuwa msahafu. Nimejitolea kwenye kikosi cha uokoaji miaka 19, na mafunzo ya maeneo ya mbali yanakubali kuchomoa katika hali chache. Kitu kimetoboa shavu la uso na damu inamiminika kooni mtu anashindwa kupumua: toa, bana kwa ndani na nje. Kitu kiko kifuani mahali pa kubonyeza na moyo umesimama: toa, huna cha kupoteza. Na pale mtu amenasa kwenye kitu usichoweza kukikata wala kukiinua, na kumwacha pale ni kumuua. Wengine huongeza vitu vidogo vya mkononi au mguuni vinavyozuia kabisa kumsafirisha, mbali na mishipa mikubwa. Kifua, tumbo, shingo, jicho, kinena: hapana.

Kisiki mlikuwa na msumeno na tawi lilikatika. Kwa hiyo hata kwa mizani ya porini mlikuwa upande sahihi.

Sasa nina maswali. Mlipima mapigo juu ya unyayo kabla na baada ya kufunga? Kamba za mabanzi zilipita wapi hasa? Na ganzi ilikuwa wapi, juu ya unyayo au chini?

#6 Mtu wa Maji
Naunga mkono kutochomoa. Mkumbuke Steve Irwin, yule Mwaustralia wa mamba. Samaki aitwaye taa alimchoma mwiba kifuani, akauchomoa mwenyewe, ndipo akafa. Angeuacha angefika hospitali.

#7 Msomaji wa Kale
Mtu wa Maji hiyo ya kuchomoa ina utata, usiibebe kama ushahidi. Ajali ilitokea 4 Septemba 2006 kwenye mwamba wa Batt Reef, Queensland. Habari za mwanzo zilisema aliuvuta mwiba. Mwaka 2014 mpiga picha aliyekuwa naye majini, Justin Lyons, alisema hadharani kwamba hakukuwa na kuvuta kokote. Samaki alimchoma mara nyingi mno kwa sekunde chache, na mwiba ulikuwa umeshaharibu moyo.

Mfano wa kizibo unaosimama ni wa Malkia Elisabeth wa Austria. 10 Septemba 1898, Geneva, anaelekea kupanda meli ya ziwani. Luigi Lucheni akamchoma kifuani kwa tupa nyembamba iliyonolewa. Yeye alidhani amepigwa ngumi. Akainuka, akatembea, akapanda meli, ndipo akazirai. Alikuwa amevaa nguo ya ndani ya kubana kiwiliwili, imekazwa kwa kamba sana. Walipoikata ili apumue, alama kwenye ngozi ilikuwa ndogo kupindukia, lakini shimo lilikwenda ndani kama sentimita 8.5 hadi moyoni. Wengi husema ule mbano wa nguo ndio uliokuwa unachelewesha damu.

Jeraha la kutoboka linadanganya macho. Upana wa tundu haukuambii kina chake.

#8 Mkata Mbuga
Msomaji wa Kale mfano mzuri, ila malkia alikufa hata hivyo.

Nasimama na swali langu: uchafu je? Siku ya 9 usaha. Gome lilibaki. Mnajibu nini?

#9 Fundi Kamba
Mimi nashangaa kitu kimoja. Kwa nini hamkufunga mkanda wa kukaza juu ya jeraha tangu mwanzo? Unakaza paja, damu inasimama, unachomoa kwa amani. Kila dakika 15 unalegeza kidogo mguu upate damu, unakaza tena. Tulifundishwa hivyo.

#10 Mama Dira
Kaka Fundi Kamba, hilo la kulegeza kila dakika 15 tafadhali lifute kichwani leo. Ukilegeza, damu iliyoanza kuganda inang'oka, na kila mzunguko unampunguzia mtu damu ambayo hana pa kuirudisha. Mtu anaweza kufa taratibu kwa kulegezwalegezwa.

Mkanda ni wa damu ya mkono au mguu inayoruka au kumwagika na kugoma kusimama kwa kubana. Unawekwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya kiungo. Uwe mpana, sentimita 4 au zaidi. Kamba nyembamba inakata nyama na neva. Kuukaza kwa mikono haitoshi, pitisha kijiti ukisokote hadi damu isimame kabisa, ukifunge kisirudi. Andika saa. Hadi kama masaa mawili mguu kwa kawaida huvumilia. Baada ya hapo hatari kwa misuli na neva inapanda, na ukishapita masaa sita usiufungue nje ya hospitali.

Sasa piga hesabu: masaa 14 na mkanda umekazwa. Huo mguu usingekuwa wa kuburuta, ungekuwa wa kukatwa. Kwa damu inayochuruzika tu, Kisiki alifanya vema kutokaza.

#11 Nyayo Ndefu
Naongeza kwa alichosema Mama Dira. Kuna sehemu mkanda hauingii kabisa: kinena, kwapa, shingo. Kinena na kwapa unajaza. Chukua kitambaa cha shashi, au kitambaa chochote safi, kiingize kwa kidole ndani ya tundu hadi kwenye chemchemi ya damu yenyewe, kisha jaza mpaka pasiingie tena, halafu lalia kwa uzito wa mwili wako. Shashi zenye dawa ya kugandisha zinataka angalau dakika 3 za kubana, kitambaa cha kawaida dakika 10 au zaidi bila kuchungulia. Watu wanachungulia! Kila ukichungulia unaanza upya. Tumbo na kifua havijazwi hivyo, humo hakuna mfupa wa kubania.

Shingoni usijaribu kuzungusha bandeji. Bana kwa mkono upande mmoja, na funika tundu lisivute hewa, maana vena za shingo zinaweza kunyonya hewa ikaenda moyoni.

Kisiki bado nasubiri majibu yangu.

#12 Kisiki
Samahani wakuu, nilikuwa mbali na mtandao. Asanteni nyote, kweli nashukuru.

Mapigo: nilipima juu ya unyayo kabla hatujaanza kutembea, yalikuwepo. Nikapima tena mara mbili njiani, yalikuwepo. Kamba za mabanzi zilikuwa nne. Kifundo, chini kidogo ya goti, juu ya jeraha, na kwenye nyonga. Ganzi ilikuwa juu ya unyayo na pale katikati ya kidole gumba na cha pili. Chini ya unyayo alihisi nikimkuna. Kuinua unyayo ndiko kulikoshindikana, kukanyaga chini aliweza.

#13 Nyayo Ndefu
"Chini kidogo ya goti." Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta.

Wote mguse mguu wenu upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kuna nundu ya mfupa mwembamba. Neva inayoinua unyayo inazunguka shingo ya mfupa huo ikiwa karibu kabisa na ngozi, hakuna nyama ya kuikinga. Watu huiumiza hata kwa kukunja nne muda mrefu, kwa plasta gumu, au kwa kulala ubavu kitandani wakiwa wamelewa. Dalili zake ndizo hizo: unyayo unaanguka, ganzi juu ya unyayo, chini kuko salama. Kamba iliyokazwa hapo, au mti wa machela uliogusa hapo, masaa 14, inatosha.

Sikulaumu kaka. Nimewahi kuwakuta watu wa kikosi changu wamefunga hapohapo. Tangu siku ile naweka nguo laini pande zote za goti na kamba zangu naziruka sehemu hiyo, na nikibeba mtu naamrisha kusimama kila baada ya muda kupapasa.

#14 Mama Dira
Kaka Nyayo, maelezo mazuri, lakini subiri. Neva hiyohiyo kabla haijafika kwenye nundu inashuka nyuma ya paja upande wa nje, sambamba na ule mkano mgumu unaoushika ukikunja goti. Kiganja kimoja juu ya goti, nyuma, kuelekea nje. Soma tena namba 1. Kijiti kiliingia kwenye njia yake. Kinaweza kuwa kiliigusa, au damu iliyokusanyika kukizunguka iliibana polepole hadi usiku.

#15 Bega kwa Bega
Mama Dira mbona kwenye namba 2 ulisema uvimbe ndani ya mifuko ya misuli? Hiyo hutokea zaidi mguu wa chini kuliko pajani. Paja lina nafasi kubwa.

#16 Mama Dira
Ni kweli, pajani ni nadra zaidi, nakubali sahihisho. Ila siifuti. Mfuko wa mbele wa mguu wa chini ukivimba, ganzi inayotangulia ni palepale katikati ya kidole gumba na cha pili. Na kuwepo kwa mapigo hakuondoi tatizo hilo, mapigo huwa ya mwisho kupotea. Kisiki, alikuwa na maumivu makali kupita kiasi ukimkunja vidole?

#17 Kisiki
Alikuwa na maumivu kila mahali mama. Sikujua kutofautisha.

#18 Mkata Mbuga
Kwa hiyo tuna kamba, tuna kijiti, tuna uvimbe. Na yangu ya kusagwa njiani bado hamjaiua.

#19 Mama Dira
Sijaiua kwa sababu siwezi. Kuna kipimo cha umeme wa neva na misuli. Upo msuli mmoja mfupi nyuma ya paja unaolishwa na neva hii kabla haijavuka goti. Ukionekana umeathirika, jeraha liko juu. Ukiwa mzima, macho yanageukia chini ya goti. Kisiki aliwahi kupimwa?

#20 Kisiki
Hapana. Walimwambia asubiri, itarudi.

#21 Jani Bichi
Wakuu samahani kuchepusha. Ingekuwa kifuani je? Nimesikia unafunika kwa nailoni, unabandika pande tatu, moja unaiacha.

#22 Fundi Kamba
Ndiyo, pande tatu. Hilo nina hakika nalo.

#23 Nyayo Ndefu
Fundi Kamba pole, leo siku si yako 😊. Pande tatu ilifundishwa miaka mingi, na mimi nimeifundisha. Wazo lilikuwa hewa itoke isiingie. Shida ni kwamba porini, kwenye jasho na damu, ile nailoni hugandamana na kuziba kabisa. Hewa inayovuja kutoka kwenye pafu inakosa njia, inajaa kifuani, inalisukuma pafu na moyo. Mwongozo wa huduma ya kwanza wa Shirika la Moyo la Marekani na Msalaba Mwekundu wa huko, 2015, unamwambia mtoa huduma ya kwanza wa kawaida asizibe. Jeraha la kifua lililo wazi liachwe wazi. Kama linatoka damu sana weka kitambaa kikavu kisichoziba, ukibadilishe kikilowa. Vipo vibandiko maalumu vyenye vali, kwa aliyefunzwa. Na ukikuta mtu ameshazibwa halafu pumzi inazidi kubana, anahangaika, mishipa ya shingo imetuna: inua kona ya kibandiko mara moja.

Mwache akae mkao anaopumulia vizuri, mara nyingi ni kukaa. Na haya ni ya tundu lililo wazi. Kama kitu bado kimo kifuani, kiimarishe kisitikisike.

#24 Bega kwa Bega
Tumbo nalo: utumbo ukitoka usiurudishe. Funika kwa kitambaa safi kilicholowana maji safi, juu yake kitu cha kuzuia kukauka, magoti yakunjwe kupunguza mvutano. Jicho: usiguse kitu, usibane, weka kikombe juu kiegemee mfupa.

#25 Mtu wa Maji
Bega kwa Bega, kwenye jicho tulifundishwa kufunika yote mawili ili lile bovu lisizunguke.

#26 Bega kwa Bega
Nami nilifundishwa. Siku hizi wengi wanaacha jicho zima wazi, maana mtu asiyeona hawezi kutembea kutoka porini na hofu inamzidi. Kama anabebwa na ametulia, sitakugombeza.

Na nikurudishe kwenye taa wako. Akikuchoma mguuni, maji ya moto unayoyavumilia, kama nyuzi 40 hadi 45, dakika 30 hadi 90. Maumivu yanashuka sana. Anayepima joto awe mtu mwingine au upime kwa mguu mzima, mguu ulioumia unaungua bila kujua.

#27 Msomaji wa Kale
Nirudi kwa Mkata Mbuga namba 8, swali lake la uchafu halikujibiwa na ni zito.

Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi 2 Julai 1881. Madaktari wakamtia vidole visivyooshwa kwenye jeraha kutafuta risasi, tena na tena. Alikufa 19 Septemba, mwili umejaa usaha. Joseph Lister, daktari mpasuaji Mwingereza, alikuwa ameshachapisha habari za kuua vijidudu tangu 1867! Kwa hiyo ndiyo, uchafu unaua, na mara nyingi unaingizwa na mikono ya msaidizi.

Mfano mwingine ni pembe za fahali. Fahali akichoma hainui kichwa mara moja tu, anakitikisa huku pembe iko ndani. Tundu la ngozi ni moja, ndani kuna njia mbili au tatu zinazoelekea pande tofauti, zote zina udongo. Wacheza na fahali wa Hispania walikufa sana kwa hilo kabla ya penisilini. Nje ya uwanja wa Las Ventas, Madrid, kuna sanamu ya Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, iliyowekwa 1964 kwa shukrani zao. Kijiti chenu nacho, kila kilipotikiswa, kilichimba njia yake.

#28 Mama Dira
Hapo sasa. Mkata Mbuga, kuchomoa hakungeondoa gome. Mti mkavu ukivutwa huacha maganda yake njiani, na ungevuta haraka ukiwa na hofu. Vipande vya mti eksirei mara nyingi haivioni, ultrasaundi huviona vizuri zaidi. Ndiyo maana mtu hushonwa akaambiwa yuko safi, na wiki ya pili usaha unatoka. Kidonda cha kutoboka kisizibwe porini hata kikionekana kidogo. Osha juu na mdomoni mwa tundu kwa maji ya kunywa mengi, lakini usipige maji kwa nguvu ndani ya shimo refu, unasukuma uchafu chini. Spiriti na dawa kali za kutoa povu zisiingie ndani, zinaua nyama nzima.

Na pepopunda. Spora zake zinapenda shimo refu lisilo na hewa. Kidonda kichafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji nyongeza. Dalili huchukua siku 3 hadi 21, mtu ameshasahau kidonda. Aliyekanyaga msumari uliopita kwenye soli ya raba awaambie madaktari hivyo, kuna kijidudu hukaa ndani ya soli na hula mfupa.

#29 Mkata Mbuga
Sawa mama, hilo la gome kubaki sikuliwaza. Nalipokea. Kusagwa bado silipokei.

#30 Jani Bichi
Nibebe nini basi safari ijayo? Kwa kifupi tafadhali.

#31 Nyayo Ndefu
Mkanda mmoja wa kukaza wa kweli uliofanyia mazoezi, shashi nyingi, bandeji pana mbili, mkasi wa kukatia nguo, glavu, kalamu ya wino mzito, blanketi jepesi la kuakisi joto na kitu cha kulalia. Mtu aliyepoteza damu akipoa, damu yake haigandi vizuri, na ardhi inamnyonya joto kuliko hewa. Maumivu: parasetamoli kabla ya aspirini au ibuprofeni, hizo mbili zinapunguza kuganda kwa damu. Na kitoa ishara cha dharura cha 406 MHz. Masaa 14 ya Kisiki yangeweza kuwa machache.

#32 Kisiki
Hatukuwa nacho. Sasa ninacho.

Wakuu, nimemtumia mwenyewe uzi huu. Amesema atajiunga.

#33 Mguu wa Kushoto
Habari zenu. Mimi ndiye mwenye mguu. Nimesoma yote kuanzia namba 1, usiku mzima.

Kwanza Kisiki, kaka yangu ameongea kwa uchungu. Mimi sijawahi kukulaumu na nilidhani unajua.

Pili, mna jambo mmelikosea wote kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu. Ganzi haikuanza usiku. Usiku ndipo niliposema. Mlipokuwa mnakata tawi nilihisi kitu kama umeme kimeshuka hadi kidole gumba, mara mbili au tatu. Baada ya hapo unyayo ulikuwa unawasha. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mmeshaogopa vya kutosha.

#34 Mama Dira
Pole sana mwanangu, karibu. Umeme ulioshuka hadi kidoleni ni neva kuguswa.

#35 Nyayo Ndefu
Karibu kaka. Kuguswa sawa, lakini kuwasha si kufa. Uliweza kuinua vidole baada ya kukatwa, kabla ya machela?

#36 Mguu wa Kushoto
Nadhani niliweza. Mmoja wetu aliniambia nichezeshe vidole, vikacheza. Ila sikumbuki kama nilivikunja au niliviinua.

#37 Nyayo Ndefu
Basi kamba yangu bado iko hai.

#38 Fundi Kamba
Niulize la ufundi, hilo nalijua. Msumeno ule wa kukunja ulikuwa unakata kwa kuvuta au kwa kusukuma?

#39 Kisiki
Kwa kuvuta.

#40 Fundi Kamba
Na wakati wa kukata, nani alikuwa ameshika tawi kati ya msumeno na ngozi, lisicheze?

#41 Mguu wa Kushoto
Hakuna. Wote walikuwa wamenishika mimi.